Siku Niliyomlisha Sadia

Iko siku moja ya kazi yangu, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa mkono huu wa kulia hutafuta mahali pa kujificha. Nimekuwa mwalimu zaidi ya miaka thelathini. Siku nzuri zilikuwa nyingi, na karibu zote nimezisahau. Hii moja haijaniacha, na leo nakuandikia wewe habari zake, kwa sababu juzi ulinipigia simu kutoka shuleni kwako Merti na sauti yako sikuipenda.

Ulisema, "Apa, Jumatatu naletewa mtoto hatembei, haongei, hata kula ni kulishwa. Mimi hiyo sikusomea. Nitafanya nini?"

Ninyi watoto wa ndugu yangu mmezoea kuniita Apa, na kwetu Waturkana hilo ni jina la baba, kwa hiyo sina budi nijibu kama baba. Nilikwambia nitafikiria. Ukweli ni kwamba niliogopa, mpaka mama yako mkubwa akaniuliza nimepokea habari gani mbaya. Sasa naandika haraka haya yakufikie kabla ya hiyo Jumatatu, nami nimekaa kitako tangu asubuhi bila hata kunywa chai.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya kaunti. Utaniuliza, je, ulikuwa kijana hapo? Usinicheke. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, mvi mbili tatu zimeshaanza kuchungulia kidevuni, lakini kwa mambo ya watoto wenye ulemavu mkubwa nilikuwa mchanga kuliko ulivyo wewe leo. Nilifundisha darasa la kwanza katika shule moja ya msingi katika mtaa wa Bulla Pesa. Watoto sabini na ushee, wa vibarua na wachuuzi, wa kila kabila na kila dini, wamebanana kwenye madawati. Wakati huo mjini kila kitu kilikuwa kipya. Ofisi mpya, mabango mapya, magari mapya. Na semina, mwanangu! Mwaka ule tulipata semina nyingi kuliko mvua.

Semina moja ilikuwa ya kutuandaa sisi walimu wa kawaida, tusiosomea elimu maalum, ili tuweze kuwapokea watoto wenye ulemavu mkubwa katika madarasa yetu. Siku tatu, katika ukumbi wa hoteli. Siku ya kwanza tulifundishwa haki za mtoto. Siku ya pili tulifundishwa maneno ya kutumia na maneno ya kuacha. Nilikaa, nikaandika, nikala sambusa. Siku ya tatu ilikuwa ya vitendo. Mwalimu mmoja wa kike, mdogo kwangu kwa miaka mingi, alileta viti, mito, vijiko na vikombe, akavipanga mezani. Nilipoviona vile vijiko nilicheka moyoni. Mimi, baba wa watoto wanne, nifundishwe kushika kijiko?

Nikafanya tulivyofanya wengi zamani hizo. Nilitia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio asubuhi, nikangoja chai, kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha, na nilijiambia kwamba hiyo ndiyo kazi ya kweli. Cheti changu nililetewa jioni na mwenzangu. Kilikuwa cheti kizuri, chenye muhuri wa kung'aa. Debe tupu haliachi kuvuma. Nilikitundika ukutani katika ofisi ya walimu, mahali ambapo kila aingiaye lazima akione.

Cheti hicho ndicho kilichoniletea Sadia. Wiki chache baadaye mkuu wetu wa shule, mama mmoja Mmeru asiyependa maneno mengi, alinikuta katika ofisi hiyo.

"Mwalimu, ni wewe uko na cheti," akasema. "Huyu msichana ataingia kwako."

Hapo ndipo ningesema. Ningesema, madam, siku ya vijiko mimi sikuwepo. Ulimi ukawa mzito. Mtu ataanzaje kusema kitu kama hicho, na cheti kinamwangalia kutoka ukutani? Nikasema hakuna shida.

Sadia alikuwa na miaka tisa. Alikuwa mwembamba, shingo yake haikuweza kushika kichwa vizuri, na mikono yake ilijikunja yenyewe. Hakusema neno hata moja, lakini alisikia kila kitu. Aliletwa na bibi yake, amebebwa mgongoni kwa leso, kutoka upande wa pili wa Bulla Pesa. Bibi huyo shule nzima tulimwita Ako, maana ako ndiyo bibi kwa Kiborana. Alimlea Sadia tangu akiwa wa wiki mbili, mama yake alipofariki. Riziki yake ilikuwa kuuza maziwa ya ngamia sokoni. Siku hiyo ya kwanza alikuja na kiti cha mbao alichotengenezewa na fundi, chenye mikanda ya kushika kifua, akakiweka karibu na dirisha, akamkalisha mjukuu wake, kisha akanigeukia.

"Mwalimu, mimi naomba kitu moja tu," akasema. "Kesho kuja kwangu asubuhi. Kaa na mimi nikilisha huyu. Uone vile shingo inashikwa. Hii mtoto chakula yake iko na njia."

"Usiwe na wasiwasi, Ako," nikamjibu. "Hayo yote tumefundishwa."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema. "Basi mimi nitakuja saa saba kila siku."

Nilishusha pumzi. Kuuliza si ujinga, na methali hiyo mimi mwenyewe nilikuwa nimewafundisha watoto wa darasa la kwanza, wakaiimba kwa sauti mpaka darasa jirani likalalamika. Wao waliifahamu. Mimi niliyewafundisha nilikuwa nimekataa kualikwa mahali pa kuuliza.

Basi ikawa hivyo. Kila siku saa saba Ako aliingia, akaketi chini kando ya kile kiti, akamlisha mjukuu wake uji mwepesi kutoka kwenye flaski, polepole, wakati sisi wengine tunahangaika na githeri yetu ya mahindi na maharagwe. Sikuwahi kusimama nikaangalia. Nilikuwa na watoto sabini wa kupanga foleni, ndiyo, lakini pia niliona haya kuangalia kitu nilichokwisha kusema nakijua. Unaona uongo unavyofanya kazi, mwanangu? Ukishasema unajua, umejifungia mlango wa kujua.

Darasani Sadia hakunisumbua. Mtoto mwenzake akikosea kuhesabu, yeye alicheka, kicheko cha pumzi tu, na nilipofuatilia nikaona hakukosea kucheka hata mara moja. Jambo hilo lilinishtua kidogo. Sikulifanyia chochote.

Sasa siku yenyewe. Jua lilikuwa kali, upepo wa vumbi ukiingia madirishani. Saa saba ikafika, Ako hayupo. Pikapu inayomletea maziwa kutoka kwa wafugaji ilikuwa imekwama njiani, naye alikuwa amesimama stendi akiingojea na wanawake wenzake. Hayo nilikuja kuambiwa baadaye. Wakati ule nilichojua ni kwamba watoto wote wana sahani mkononi, harufu ya githeri imejaa darasa, na Sadia ameanza kulia kwa njaa. Flaski yake iko pale pale, ndani ya mfuko uliofungwa kwenye kiti. Nikangoja. Ikawa saa saba na nusu. Ikakaribia saa nane. Watoto wakaanza kunitazama.

Nilimimina uji kikombeni. Kijiko nilikiona, nikaona kitanichelewesha. Nikaweka kiganja cha kushoto kwenye paji la uso wake, nikainua kichwa chake juu, nikamimina. Mkono ulifanya ulichokijua. Utotoni kule Leparua nilichunga mbuzi wa baba yangu, na dawa ya minyoo tuliwanywesha hivyo hivyo. Shika kichwa, fungua kinywa, mimina, na upesi, kwa sababu mbuzi mwingine anangoja.

Mara ya kwanza alimeza, nikafurahi. Mara ya pili akapaliwa. Alikohoa mara moja, mara mbili, kisha kikohozi kikakatika. Kinywa kilikuwa wazi na hakuna sauti iliyotoka. Midomo yake ikaanza kubadilika rangi. Nami nilisimama na kikombe mkononi, mwalimu mwenye cheti, nikitafuta mahali pa kukiweka.

Aliyemwokoa ni mpishi wetu, aliyekuwa mlangoni akikusanya sufuria. Alikuja mbio, akanisukuma, akafungua ile mikanda, akamlaza Sadia kifudifudi juu ya mapaja yake, kichwa kikiinama, akampiga mgongoni kwa kiganja. Uji ukatoka. Kisha pumzi ikarudi, na baada ya pumzi kilio.

"Mwalimu, huyu apelekwe hospitali aangaliwe," mpishi akasema.

"Ametulia sasa," nikasema. "Tumwache apumzike."

Mpishi hakubishana. Katika shule zetu mpishi habishani na mwalimu, na hiyo nayo ni dhambi yetu sisi walimu. Alirudi jikoni akiangalia nyuma.

Ako alifika saa tisa, jasho linamtoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Pole, mwalimu, pole sana, gari imekwama. Huyu amekula?"

"Amekula vizuri," nikasema.

Alifurahi, mwanangu. Alishika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaniombea kwa Mungu maisha marefu na watoto wenye heshima. Akambeba mjukuu wake mgongoni wakaenda. Nilitazama kichwa cha Sadia kikiyumba begani kwake mpaka walipokata kona.

Kesho yake hakuja. Nikajiambia ni joto. Keshokutwa hakuja. Siku ya tatu mtoto mmoja, jirani yao, akaniambia wakati wa kuita majina, "Sadia iko hospitali, mwalimu. Ako yake pia." Nilimaliza kuita majina. Sikumbuki nilifundisha nini siku hiyo. Nakumbuka niliandika tarehe ubaoni mara mbili.

Mchana nilikwenda hospitali, saa za kuona wagonjwa. Nilipita lango, nikarudi, nikapita tena. Mlinzi akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza. Moyo wangu ulikuwa unanishauri mambo mengi, na yote yalikuwa mazuri kwangu. Labda ni malaria. Labda ni baridi ya asubuhi. Labda mtoto kama huyu huumwa mara kwa mara. Sikia jinsi nilivyowaza, "mtoto kama huyu," na nakwambia wazi ili ujue mahali ambapo woga unaweza kumfikisha mtu aliyesoma.

Nilimkuta Sadia amelala kwa ubavu. Alipumua haraka haraka na mbavu zilionekana moja moja. Ako alikuwa ameketi kando akimpepea kwa pembe ya leso. Daktari kijana alikuwa amesimama hapo na karatasi zake.

"Mama, nauliza tena," alikuwa anasema. "Malaria tumepima hakuna. Shida iko kifuani. Amepaliwa na chakula siku hizi? Maziwa, uji, kitu chochote?"

"Hapana," Ako akajibu. "Mimi nalisha huyu kwa mkono yangu miaka tisa. Siku moja tu ndio alilishwa na mwalimu, na alikula vizuri." Kisha akaniona mlangoni, uso wake ukafunguka. "Mwalimu mwenyewe ndio huyu. Amekuja kuona sisi."

Daktari akageuka. Ako akawa ananitazama. Mwanangu, nimewahi kukutana na simba nikiwa mtoto machungani, na nilikimbia vizuri kabisa. Pale hospitali miguu haikuwa na pa kwenda. Mficha maradhi kifo humuumbua, tumeimba hayo tangu shuleni, lakini maradhi haya nilikuwa nimeyaficha kwenye kifua cha mtoto wa mtu. Kifo kingekuja, kingemchukua yeye na kuniacha mimi na cheti changu.

Nikasema. Nilisema nilivyoinua kichwa, nilivyomimina, jinsi kikohozi kilivyokatika na midomo ilivyobadilika rangi. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza uji ulikuwa kiasi gani, na ilikuwa siku gani, na mtoto alikaa bila kupumua kwa muda gani. Akaandika upesi, akamwita nesi, wakaondoka pamoja kutafuta dawa nyingine. Laiti angenigombeza.

Ako alingoja mpaka wametoka. Hakupaza sauti.

"Mwalimu, wewe ni mtoto ya wafugaji?"

"Ndiyo, Ako. Leparua."

"Mbuzi ukinyweshea dawa, kichwa unainua mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwa mkono. "Pua isipite macho."

"Ikipita?"

"Dawa inaingia kwa mapafu."

"Na mbuzi?"

Nilipokuwa na miaka kumi niliua mwanambuzi hivyo hivyo kwa haraka zangu, na baba alinichapa mbele ya ndugu zangu wote. Nilijua. Tangu miaka kumi nilikuwa najua.

"Hiyo ni haraka, na kila mtu iko na haraka," Ako akaendelea. "Hata mimi alipaliwa kwa mkono yangu akiwa mdogo, nikalia mpaka majirani wakakuja. Kupaliwa ni ajali. Lakini hii 'amekula vizuri'? Daktari anauliza mimi, mimi nasema hapana. Nesi anauliza, mimi nasema hapana. Siku mbili nimekaa hapa nasema uongo yako kwa mdomo yangu, juu ya mtoto yangu."

Akageuka akaendelea kumpepea. Nikamwomba anisamehe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyu alikuwa bibi na mama kwa mtoto huyo mmoja.

Siku zilizofuata sizipendi hata kuzisimulia. Kila nikimaliza vipindi nilikwenda hospitali, nikasimama dirishani nikihesabu pumzi za Sadia bila kujua hesabu nzuri ni ngapi. Simu ikilia nilishtuka. Mtoto akikohoa darasani nilishtuka. Nilimweleza mkuu wa shule yote, pamoja na habari ya mlango wa nyuma wa hoteli, na nikakitoa kile cheti ukutani mbele yake. Alisema tu, "Omba Mungu, mwalimu." Na niliomba, mimi ambaye kanisani nilikuwa mtu wa Krismasi. Siku ya sita joto la Sadia likashuka. Ako alinitumia ujumbe kwa mtoto wa jirani, neno moja, alhamdulillahi. Nilitoka nje ya darasa nikakaa nyuma ya choo nikalia.

Nilidhani hatamrudisha kwangu, na ningemwelewa. Badala yake alitoa sharti. "Sasa utakuja asubuhi," akasema. Nikawa nakwenda kwake kila siku kabla ya kengele, siku kumi na nne. Asubuhi ya kwanza hakuniruhusu nimguse Sadia. Alinikalisha mimi kwenye kigoda, akaniwekea kiganja kwenye paji la uso, akainua kichwa changu nitazame dari, akanimiminia maji kinywani.

"Meza," akasema.

Nilishindwa. Jaribu na wewe leo, mwanangu, kwa maji kidogo tu na mtu karibu yako, uone jinsi koo linavyojifunga kwa hofu. Kisha akanishusha kidevu kidogo kuelekea kifuani, akanipa kijiko cha maji, nikameza bila kufikiri. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Katika semina ile, siku ya tatu, yule mwalimu wa kike alikuwa amewafanyia wenzangu jambo hilo hilo. Waliobaki waliniambia.

Baadaye nilijifunza mengine. Jinsi ya kuketi usawa wa macho yake, si juu yake. Jinsi ya kungoja koo lipande na kushuka kabla ya kijiko cha pili. Jinsi anavyofumba macho akitaka kupumzika, na anavyokunja kidole gumba akiumwa. Ako alikuwa anajua kitabu kizima ambacho hakuna mtu aliyewahi kumwomba akisome. Wiki ya pili nilikwenda na walimu wenzangu wawili. Mmoja alilalamika njia nzima kuhusu kuamka mapema, na ndiye aliyeshika upesi kuliko mimi.

Sadia akarudi shule, mwembamba zaidi. Saa saba Ako akaketi kando, akanipa kijiko. Nikaketi usawa wa macho, nikashusha kidevu, nikafanya yote kwa utaratibu. Sadia alinitazama, akafumba mdomo.

Nikangoja. Akazidi kuufumba. Ako akachukua kijiko, mdomo ukafunguka, akala. Kesho yake vivyo hivyo. Keshokutwa vivyo hivyo. Mbele ya darasa zima, siku moja baada ya nyingine, mtoto asiyesema aliniambia hapana. Nilikuwa na mikono iliyofunzwa sasa, na mikono hiyo haikuwa na kazi. Usiku na mchana nilijiuliza ni wapi nakosea. Nikabadilisha kijiko. Nikapasha uji upya. Siku ya tisa nilimwambia Ako, "Labda hanipendi tu."

Ako alikuwa anafuta meza. "Umeomba mimi msamaha," akasema bila kuinua kichwa. "Umeomba daktari. Umeomba madam. Hata yule mama ya jikoni umeomba. Huyu je?"

Mwanangu, nilikuwa sijamwomba. Nilijua kwamba anasikia, nilijua kwamba anaelewa, nilimwona akicheka hesabu za wenzake. Lakini katika kuzunguka kwangu kote nikitafuta msamaha kwa watu wenye sauti, nilimpita yeye niliyemkosea, kama mtu anayepita kiti.

Kesho yake, kabla ya chakula, niliketi chini mbele yake, watoto wote wakisikia. Nikasema, "Sadia, siku ile nilikuumiza. Niliinua kichwa chako vibaya kwa sababu nilikuwa na haraka, na nilikuwa sijajifunza. Halafu nikamdanganya Ako. Wewe ulijua nadanganya na hukuweza kusema. Nisamehe." Alinitazama kwa muda mrefu mpaka nikasikia haya masikioni. Siku hiyo hakufungua mdomo. Wala siku iliyofuata. Ya tatu yake aliufungua, kidogo, nikaweka kijiko, nikangoja koo lipande na kushuka. Naye alikuwa ametulia.

Basi haya ndiyo nikuombayo. Hiyo Jumatatu usiingoje. Mtafute leo mama wa mtoto huyo, au bibi, au yeyote anayemshika kila siku, uende ukakae kwake na kunywa chai yake, na umwambie ukweli kwamba hujui. Hatakudharau. Amekutana na wengi waliodai kujua. Muulize mtoto husema vipi ndiyo, husema vipi hapana, huumwa wapi. Ukipelekwa semina, kaa mpaka siku ya vijiko, hata kama anayefundisha umemzidi umri. Na ukikosea, maana utakosea, sema saa ile ile, kwa sababu dakika unayoificha aibu yako yuko mtoto anayepumua kwa shida. Hofu uliyo nayo usiione haya. Mimi hofu ingenisaidia kama ningeisikiliza mapema. Hujafa hujaumbika, wewe na mimi sote tunangoja kuumbwa, na hakuna ajuaye atakayetushikia kijiko kesho. Zaidi ya yote, zungumza na mtoto mwenyewe. Kabla ya mama, kabla ya mkuu, kabla ya daktari, mwambie yeye jina lako na unachotaka kufanya, kisha ungoje.

Mungu wa baba zetu na akulinde huko Merti, mwanangu. Akupe mkono usio na pupa na ulimi usioogopa kusema sijui. Na mtoto huyo akufungulie mdomo wake siku ya kwanza, maana mimi nilingoja kumi na mbili.